Dakika Nne Hadi Kigoma

Vitumbua vilikuwa bado vya moto. Mwamvita binti Kondo alipitisha kiganja juu ya kitambaa alichofunikia kikapu, akasikia joto likimpanda mkononi, akaridhika. Hakuvitia kwenye hotipoti. Ya nini? Angekuwa Kigoma kabla havijapoa.

"Ndugu abiria," ilisema sauti ya rubani, "umbali wetu kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni kilomita elfu moja na themanini. Muda wetu wa safari ni dakika nne. Fungeni mikanda, na msiifungue mpaka taa izimike."

Bwana aliyekaa jirani yake, mwenye suti ya kijivu, aliyejitambulisha kwa jina la Rwegoshora, alinusa hewa akacheka.

"Mama, unatutesa."

"Ni vya binti yangu, baba. Yuko hospitali huko Kigoma, uchungu umemshika tangu alfajiri. Amesema nikija bila vitumbua nirudi nilikotoka."

"Kigoma hawauzi vitumbua?"

"Wanauza. Anasema si vyangu."

Tangu Hidaya apate mimba, Mwamvita alikuwa akikaanga asubuhi, anapanda ndege, anampelekea, kisha anarudi kuswali adhuhuri nyumbani kwake Mbagala. Mtaa mzima ulijua. "Mama Hidaya anapeleka vitumbua Kigoma kama mtu anayevuka kwa jirani kuomba chumvi," walisema, naye hakuchukia kusikia. Alikuwa mjane, mtoto wake ndiye huyo mmoja, na mkunjo ulikuwa umemrudishia mtoto. Ndivyo alivyokuwa akiuelewa: kwamba wataalamu wameikunja njia kama mtu anavyokunja khanga, pindo likagusana na pindo, na ndege inavuka pale yanapogusana. Yaliyo katikati ya khanga hakuwahi kuyawaza.

Mkunjo ukashika. Nje ya dirisha pakawa peupe kama shuka mpya. Mwamvita alifumba macho akaanza Ayatul Kursi. Alikwishazoea: anaisoma mara tatu, anafuatisha Kul huwallah, na magurudumu yanagusa chini.

Alikuwa kwenye ya pili ndege ilipokwaruza. Hakuna neno jingine. Ilikwaruza kama sufuria inayoburutwa sakafuni. Weupe ukachanika, na chini yao pakatokea pori, miti na miti, na barabara nyembamba ya vumbi jekundu.

"Hapa wapi?" mtu wa nyuma aliuliza.

Hakuna aliyejua. Hata Bwana Rwegoshora, aliyetoka kusema kwamba njia hii amepita mpaka amechoka, alitazama chini kama mtu anayeonyeshwa nyumba yake kwa nyuma kwa mara ya kwanza.

*

Walitua salama kwenye uwanja wa udongo, kando ya mlingoti mrefu wa chuma. Rubani, binti mmoja wa Kinyakyusa aliyeitwa Kapteni Tusekile, aliwaeleza kwamba kifaa cha mkunjo kimepata joto kupita kiasi. Kikipoa wataendelea. Wasiende mbali.

Wanawake kadhaa walikuwa wanakuja kutoka upande wa nyumba. Walitembea haraka, na hawakuwa na uso wa kupokea wageni. Aliyetangulia alikuwa mrefu, mtu mzima wa umri wa Mwamvita, khanga kaifunga begani. Alisimama akawatazama wasafiri mmoja mmoja, viatu mpaka kichwa.

"Kumbe ndio hawa," akawaambia wenzake. "Mbona wanafanana na watu?"

Mwamvita aliona aseme yeye, mtu mzima. "Hamjambo mama. Ndege yetu imeharibika. Sisi ni abiria tu. Mimi naitwa Mwamvita, mtu wa Kisarawe kwa asili."

"Kisarawe?" Yule mama alikaza macho. "Mzaramo?"

"Mzaramo."

Mama yule akapiga makofi, uso wote ukafunguka. "Jamani njooni mwone! Mtani wangu kaanguka kutoka mbinguni!" Akamfuata, akamvua mkoba begani akauvaa yeye, na hakuna aliyeshangaa isipokuwa Bwana Rwegoshora.

Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ni wa tangu zama za misafara, babu wa hawa walipobeba mizigo kwa miguu hadi pwani, babu wa wale wakawapokea. Mtani anaweza kukutukana hata msibani, akakuvua kofia, ukacheka. Ukikasirika, umeshindwa.

"Mimi Nyamizi," alisema mama yule huku akimvuta mkono kuelekea nyumbani. "Hapa ni Isunguli, Sikonge. Babu yangu alitembea miezi mpaka kwenu, miguu imevimba, mkamuuzia maji ya kisima."

"Akanywa akaondoka na kata yetu ya kuchotea," Mwamvita akajibu. "Tunaitafuta mpaka leo."

Nyamizi alicheka mpaka akasimama. "Huyu mtani wa kweli! Njoo, ukae kwangu."

Adhuhuri ilikuwa inakaribia. Mwamvita aliomba maji ya kutawadha, akapewa kopo, akachutama uani. Ndipo mtu akaanza kugonga ringi ya gari iliyotundikwa karibu na shule, mapigo ya haraka haraka.

Alichokiona baada ya hapo hakukielewa. Nyamizi alimwaga maji kwenye mafiga, moto ukazima ukitoa moshi, na maharage yalikuwa bado hayajaiva. Kwenye ua wa jirani msichana alifunga mtoto mgongoni, akakaza fundo, akalijaribu tena. Mtu alisukuma kifuniko cha mbao juu ya kisima, akaweka jiwe. Hakuna aliyepiga kelele. Walifanya kama watu wanaoanua nguo mvua ikitishia. Kisha wote, mmoja baada ya mwingine, wakakaa chini, pale pale walipokuwa.

"Kaa chini, mtani," Nyamizi alisema.

"Natia udhu tu."

"Makalio yaguse ardhi. Wenzio wanapita."

Mwamvita akakaa kwa heshima ya mwenyeji. Akateka maji kwa kiganja, akanuia, akayapeleka kinywani

na kiganja kilikuwa kikavu.

Kopo lilikuwa limelala ubavu. Ardhi chini yake ilikwishakauka. Shingo ilimuuma, kidevu kilikuwa na udenda, na sisimizi walikuwa wamejipangia njia juu ya mguu wake kama juu ya gogo. Kivuli cha nyumba, ambacho sasa hivi kilikuwa kimejibana ukutani, kilikuwa kimemfunika yeye na ua wote.

"Shija!" sauti ya mwanamke iliita.

"Nipo!"

"Mama Kulwa!"

"Nipo!"

"Nyamizi!"

"Nipo!" alijibu Nyamizi, na bila kupumzika akaita, "Mzaramo!"

Mwamvita alifungua kinywa, ulimi ukiwa mzito. "Nipo," alisema.

Wakaendelea kuitana nyumba kwa nyumba mpaka sauti zikaishia huko mbali. Kijiji kilikuwa kinajihesabu.

Aliangalia jua. Adhuhuri ilikuwa imekwisha, na alasiri ilikuwa imeingia. Tangu avunje ungo hakuwahi kupitwa na swala akiwa macho. Akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyejikojolea mbele za watu, "Nimelala?"

"Hukulala," Nyamizi alisema, akipanga kuni upya. "Anayelala huota. Sisi huku tunasema saa zimekatika. Kama umeme."

*

Nyamizi alieleza huku akichochea moto, hakuwa na uchungu katika sauti, alikuwa na mazoea.

Ndege inapokunjiwa njia, muda wa safari hauondoki duniani. Unahama. Saa ambazo abiria hawazitumii angani zinachukuliwa kwa watu walio chini ya mstari. Mwili unabaki, moto unaendelea kuwaka, ugonjwa unaendelea kutembea, ila mwenyewe hayupo. Mara mbili kwa siku. Sikukuu, zikiongezwa ndege, mara nne.

"Sisi Moravian, Jumapili ndege inapita katikati ya mahubiri," alisema. "Mchungaji anaanza na Adamu, tukirudi anakusanya sadaka. Wengine wanasema ni afadhali."

Mwamvita alicheka kidogo. Kisha Nyamizi akamwonyesha kwa kidevu yule Shija, msichana wa ua wa jirani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekunjamana mpaka kwenye kiwiko. "Huyo ndiye aliyetufundisha kuzima moto. Siku za mwanzo hatukujua. Alirudi akakuta mkono umo motoni."

Mwamvita akautazama moto.

"Haya, mtani. Nawe ulikuwa unakimbilia Kigoma kufanya jambo gani kubwa?"

Angeweza kusema mwanangu anajifungua. Ilikuwa kweli, na ilikuwa inatosha. Lakini mkono wa Nyamizi ulikuwa umekwishainua kitambaa cha kikapu, kwa haki ya mtani.

"Vitumbua?"

"Vitumbua."

"Na wiki iliyopita, ulipanda?"

"Nilipanda."

"Ulipeleka nini?"

Mwamvita alitazama sisimizi. "Vitumbua."

Nyamizi alijishika kwenye nguzo ya jiko kwa kucheka. "Jamani, Mama Kulwa! Njoo usikie! Kumbe mchana wetu unaliwa na vitumbua! Nami nilidhani ni mabwana wakubwa, kumbe ni huyu Mzaramo na mafuta yake ya nazi! Maharage yangu yaungue, vyake vifike vya moto!"

Wanawake walicheka. Shija naye alicheka, mkono mbovu akiufunika kwa khanga. Ilimpasa Mwamvita acheke; ndiyo kanuni. Alijaribu. Macho yakamjaa maji, akajifanya ni moshi.

Kwa sababu aliwahi kusikia. Hilo ndilo lililomchoma. Siku moja redio ilitaja watu wa bara wanaolalamikia ndege za mkunjo, sauti ya mama fulani ikasema, "Siku zetu zinakatika," naye, Mwamvita, akawaza kwamba watu hawakosi la kulalamika. Kisha akainuka kwenda kugeuza kitumbua.

Nyamizi aliacha kucheka ghafla, kama alivyoanza. "Njoo umsalimie mzee wangu," alisema. "Ana hamu ya wageni, hata kama hasemi."

Ndani kulikuwa na giza la kupumzisha macho na harufu ya nta. Kwenye kitanda cha kamba alilala Mihambo, mume wa Nyamizi, mrina asali, mikono bado mipana japo mwili wote mwingine ulikuwa umekwisha. Alipumua kwa vipande. Nyamizi alimfuta midomo kwa kitambaa cha maji.

"Mganga wa zahanati amesema ni leo au kesho. Mimi naona ni leo." Alisema kama anayezungumzia mvua. "Yeye huamka mara moja tu kwa siku, mchana, kidogo. Juzi alifumbua macho akaniita, 'Nyamizi.' Nikasema abee. Ringi ikagongwa. Nilimshika mkono hivi, niliporudi mkono ninao, yeye amelala. Jana tena. 'Nyamizi.' Abee, baba. Ringi. Ana neno lake, mtani. Analianza kila siku, hatujalimaliza."

Mwamvita alikaa ukingoni mwa kitanda. Mumewe, marehemu Mbwana, alifariki asubuhi, kichwa kikiwa pajani pake. Aliomba chandarua kisogezwe aone nje. Akasogezewa. Akasema, "Jua limewaka kweli leo," akatoa shahada, akaenda. Kwa miaka yote ya ujane wake Mwamvita alikuwa akikaa juu ya asubuhi ile kama mtu anavyokaa juu ya jamvi lake. Ilikuwa yake. Hakuna ndege iliyopita.

*

Simu ilishika mtandao juu ya kichuguu kilichokuwa nyuma ya shule. Alipanda kwa kushikwa mkono, akapiga.

"Mama!" Hidaya alikuwa anapumua kwa meno. "Uko wapi? Si umesema unapanda? Dakika nne, mama!"

"Ndege imepata hitilafu kidogo, mwanangu. Niko njiani."

"Njiani wapi? Njia yenyewe ina mahali gani pa kukaa? Mama, naogopa. Nesi anasema ni leo hii hii. Usiniache mwenyewe."

"Nakuja," alisema Mwamvita. "Wallahi nakuja."

Akashuka. Alikwisha kuapa.

Kapteni Tusekile alikuwa amewakusanya abiria chini ya bawa. Kofia ilikuwa mkononi, anaigeuza geuza. Naye alikuwa amekatikiwa saa zake pale kijijini, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya urubani, na alikuwa na vumbi shavuni pale alipoangukia.

"Kifaa kimepoa," alisema. "Tunaweza kuondoka. Lakini kuna jambo ni lazima niwaambie. Tukikunja tukiwa angani, wa chini wanapungukiwa na saa mbili, tatu. Tukikunja tukianzia hapa ardhini, mzigo wote unaangukia hapa. Hawa watu hawatarudi mpaka kesho asubuhi."

"Umejuaje?" Mwamvita aliuliza.

"Nimewapigia kituoni. Wamesema hivyo hivyo, kama unavyosikia. Nikawauliza mbona tuliambiwa chini ni pori tupu. Wakasema niangalie ratiba."

"Si turuke kawaida?" mtu mmoja alisema. "Kama ndege za zamani."

"Mafuta yapo. Kutoka hapa hadi Kigoma ni saa moja na ushee. Lakini mashine hainiruhusu. Tiketi zenu ni za dakika nne. Walioandikwa wakitimia kwenye viti, mkunjo unawaka wenyewe. Unasikiliza mapigo ya moyo. Akipungua hata mmoja, mkunjo haushiki, na hapo ndege inarudi mikononi mwangu."

"Basi pakieni pipa la asali kwenye kiti," alisema Bwana Rwegoshora.

"Pipa halina moyo, mzee."

Kila mtu alipata kitu cha kutazama. Mmoja alifungua simu isiyo na mtandao.

Mwamvita alisema polepole, "Kuna mwenzetu mwenye nafasi ya kubaki? Wenyeji wanasema kuna gari la asali linakwenda Tabora jioni. Kutoka Tabora kuna treni. Kesho mtu anafika."

"Nina mkutano," alisema mmoja.

"Mimi nimeahidi," alisema mwingine.

"Mama, tusifanye mambo kuwa makubwa," Bwana Rwegoshora alisema, na sauti yake haikuwa mbaya. "Hawa wamezoea. Watalala, wataamka asubuhi. Wewe ndiye mwenye mgonjwa hapa kuliko sote. Ungekuwa wa kwanza kupanda."

"Kweli, baba," alisema Mwamvita.

Akapanda. Wote walipanda. Alifunga mkanda. Kupitia dirisha dogo alimwona Nyamizi akitoka mlangoni pake na kusimama, akitazama ndege, mkoba wa Mwamvita bado begani. Ringi ilikuwa haijagongwa. Pengine hawakujua kwamba ndege hii, isiyo kwenye ratiba, ingekunja njia kuanzia hapo hapo. Shija alikuwa amekaa jikoni, na moto ulikuwa unawaka.

Mihambo atakufa usiku huu, aliwaza. Naye Nyamizi atakuwa amekaa hapo hapo, amemshika mkono, na hatakuwepo.

Alimwona Hidaya pia. Alimwona vizuri kabisa, jasho kwenye paji, mkono umeshika chuma cha kitanda, macho mlangoni. Mama gani huyu.

Mkanda ulikuwa mgumu kufungua. Bwana Rwegoshora alimwangalia anavyohangaika nao.

"Mama? Umesahau nini?"

Alikuwa anaona haya hata kusema sababu. Sababu ilikuwa ya kusemwa tangu kitumbua cha kwanza. Alichukua kikapu, akapita katikati ya viti ameinamisha kichwa, akisikia nyuma yake, "Saa nzima! Atatupotezea saa nzima!"

Mlangoni Kapteni Tusekile alimshika mkono kumteremsha. "Asante, mama."

"Usinishukuru," alisema Mwamvita. "Tafadhali. Usinishukuru."

*

Ndege iliondoka kwa kelele. Hilo halikuwa limetokea Isunguli kwa miaka: ndege za mkunjo hazina sauti, zina pengo tu. Hii ilinguruma, ikatetemesha mabati ya shule, ikainuka kwa shida juu ya miti, na watoto waliozaliwa ndani ya miaka ya mkunjo wakatoka mbio wakipiga kelele, wakiikimbiza na kuipungia, maana hawakuwahi kuiona ndege ikipaa. Ilichukua muda mrefu kupotea. Watu wazima nao walisimama, wakaitazama mpaka ikawa nukta, wakabaki wanasikiliza.

Nyamizi alikuja mpaka pale Mwamvita aliposimama.

"Na wewe umesahauliwa?"

"Nimebaki."

Nyamizi alimtazama. Hakutania. Akamshika kiwiko, wakaingia ndani.

Mihambo alikuwa amefumbua macho. Labda ni ile kelele. Aliangalia paa, akaangalia mlango, akampata mkewe.

"Nyamizi."

"Abee." Akapiga magoti, akamshika mkono. Mkono wake mwingine, bila yeye kujua, ulikuwa umeinuka kidogo hewani, kama wa mtu anayengojea kupigwa. Alikuwa anangojea ringi.

Ringi haikulia. Nje watoto walikuwa wanaiga sauti ya ndege. Mihambo alipumua kipande kimoja, na kingine, akakusanya.

"Nyamizi," alisema. "Umekula?"

Mwamvita aligeukia ukuta.

Mkono wa Nyamizi uliokuwa hewani ukashuka, ukaingia kwenye kikapu kwa haki ya mtani, ukatoka na kitumbua kilichopoa, kigumu pembezoni. Akauma mbele ya macho yake, akatafuna, akameza.

"Nimekula, baba," alisema. "Nimekula vizuri. Watani wameleta."

Mihambo alimtazama akitafuna mpaka kikaisha. Aliishi mpaka jua lilipokaribia miti, na muda wote huo hakuna saa iliyokatika. Walikuwepo wote.

Gari la asali halikuondoka jioni ile kwa sababu ya msiba, na Mwamvita hakuuliza lingine. Alichota maji na wanawake. Aliposimama kuswali magharibi alilipa kwanza ile adhuhuri, na alasiri iliyompita kitandani pa mgonjwa, na kwenye sijda alikaa muda mrefu akitafuta maneno, asipate ila astaghafirullah, akairudia. Alipomaliza alimwuliza Nyamizi, "Na kesho?"

"Kesho zitapita mbili, kama kawaida," Nyamizi alisema. "Tutazika kati ya hizo mbili. Wewe utakagua mafundo ya watoto migongoni ringi ikilia, unalo jicho zuri."

Alipanda kichuguu peke yake, na simu ikaita.

"Mama." Sauti ya Hidaya ilikuwa imechoka, na baridi. Nyuma yake kichanga kililia. "Nimejifungua. Wa kike. Abiria wenzako wamefika zamani. Mume wangu alikwenda uwanjani, wamemwambia ulishuka mwenyewe. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Ulishuka. Wapi?"

"Sikonge."

"Sikonge ndio wapi?"

Mwamvita alitazama nyumba zilizokuwa chini yake, moto ukianza kuwashwa mmoja mmoja. Kila safari walitangaziwa ile hesabu ya kilomita, na hata mara moja hakuisikia.

"Katikati, mwanangu," alisema. "Kati yangu na wewe."

Mtoto alilia, Hidaya akambembeleza mpaka akatulia.

"Kwani ni mbali?"

"Ni mbali," alisema Mwamvita, na ilimbidi ajifute uso kwa upindo wa khanga ndipo aendelee. "Ni mbali sana, Hidaya. Na kote kuna watu."